Mkaguzi wa Kulabu Nchini Chanani

Njia ya kwenda Chanani msiniulize. Wapo wanaosema hupandwa mlima, wapo wanaosema hushukwa bonde, na Mwalimu Subilaga Mwakalobo, ambaye ndiye aliyefika, alikuwa na mafua akalala safari nzima. Anachokumbuka ni kwamba alifumbua macho akiwa mpakani, mbele ya meza, na nyuma ya meza alikaa askari aliyemtazama toka utosini hadi kwenye viatu, kisha akamuuliza swali moja tu.

"U wa nani?"

Kabla hajajibu, afadhali mumjue. Mwalimu Subilaga alifundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na moja katika shule ya sekondari huko kwenye milima ya Rungwe, kwenye baridi na migomba. Kitu alichokipenda kuliko vyote katika lugha ile ni ritifaa, ile alama ndogo kama kipande cha ukucha uliokatwa, ambayo Waingereza huining'iniza kati ya mwenye mali na mali yake ili watu wasigombane. Mwanafunzi aliyeisahau alirudishiwa daftari likiwa jekundu kama limechinjiwa kuku. Na alipostaafu hakupumzika. Jumamosi alibeba kigoda na kalamu nene ya wino, akapita mtaani kusahihisha vibao vya saluni, vya migahawa na vya maduka ya dawa. Mwenye saluni mmoja alimwambia, "Mwalimu, wateja wangu wanakuja kusuka, hawaji kusoma." Mwalimu akamjibu kutoka juu ya kigoda kwamba mtu asiyeweza kuonyesha kitu ni cha nani hastahili kuwa nacho.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kukosea. Ikitokea mwanafunzi ameona kasoro ubaoni, Mwalimu aliifuta taratibu na kusema, "Nilikuwa nawapima." Aliwapima hivyo kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyethubutu kumpima yeye.

Sasa turudi mpakani. Mwalimu alimjibu yule askari kwa sauti ya darasani kwamba yeye ni wake mwenyewe. Askari akaweka kalamu chini.

"Haiwezekani, bibi. Mtu hawezi kushika uzi pande zote mbili. Na kisicho na mwenyewe ni cha Serikali. Itabidi uende ghalani."

Ghala alilotaja lilikuwa pale pale nyuma yake, na dirishani Mwalimu aliona miavuli, baiskeli, ng'ombe mmoja na mzee fulani aliyekuwa akipiga miayo kwenye rafu ya tatu. Matarishi wawili walikuwa wameshamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakati mwanamke aliyekuja pale kuchukua robota lake la vitambaa aliponyoosha mkono juu na kusema kwa haraka, "Wangu! Huyo mgeni ni wangu."

Mwanamke huyo aliitwa Siwema, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na macho yaliyochoka. Hakumjua Mwalimu hata kidogo. Alimwonea huruma tu.

Basi Mwalimu akavishwa uzi shingoni. Mwisho wa uzi palikuwa na kibao kidogo chenye jina la Siwema, katikati palikuwa na fundo, na kwenye uzi huo ikatundikwa kulabu ya shaba, ndogo, iliyopinda. Askari alimweleza sheria kwa pumzi moja. Kila kitu Chanani kina uzi, na kila uzi una kulabu. Kulabu ikikaa kabla ya fundo, upande wa jina, basi mwenyewe ni mmoja. Ikikaa baada ya fundo, wenyewe ni wengi. Isipokuwepo kabisa, ghala liko wazi saa zote za kazi.

Mwalimu Subilaga aliishika ile kulabu kwa vidole viwili, akaitazama, na machozi yakamlengalenga. Ilikuwa ni ritifaa. Ilikuwa ritifaa ya shaba, na taifa zima lilikuwa likiivaa shingoni! Tangu azaliwe hakuwahi kujisikia yuko nyumbani namna ile.

Siwema aliishi mtaa wa bondeni, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na mama yake, Bi Nanjota. Bi Nanjota alikuwa na miaka themanini na ushee, mwembamba, mkali, na sikio moja lilikuwa zito, ila hakuna aliyejua kwa hakika ni lipi, maana lilikuwa likihama kulingana na anachoambiwa. Walipoingia alikuwa akichambua kunde kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu.

Siwema akamziba mdomo kwa kiganja. "Usimwite mama, nakuomba! Si wako. Mtu akisikia tumekwisha."

"Marahaba," alijibu Bi Nanjota bila kuinua macho. "Na usisimame hapo, hicho kivuli unachokizuia ni cha jirani."

Siku za kwanza Mwalimu alizitumia kujifunza, na hakuna alichojifunza kisichomfurahisha. Mtu akikohoa sokoni, alitakiwa kuinua mkono na kutamka "Changu!" ili kikohozi kisibaki kinazurura bila mwenyewe. Vivyo hivyo kupiga chafya, kucheka na kwikwi. Mwaka mmoja kabla hajafika, Baraza Kuu lilikuwa limejifungia siku tatu kwa sababu ya harufu iliyozuka katikati ya hotuba ya waziri wa maji, na ambayo hakuna mjumbe aliyeidai. Upinzani ulitaka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba, kwa kuwa kisicho na mwenyewe ni cha Serikali, basi harufu ile ni ya Serikali. Serikali ilijibu kwamba suala hilo lilikuwa likishughulikiwa. Siku ya tatu harufu iliisha yenyewe na pande zote mbili zikajipongeza.

Kulikuwa na suala la mbwa. Kwa sababu ambazo wazee wa sheria wenyewe walishasahau, mkia wa mbwa hautundikwi kulabu, ingawa kila mtu anajua mkia ule ni wa mbwa yule. Hili lilikuwa swali la kwanza katika kila mtihani wa utumishi, na kila mwaka nusu ya watahiniwa walitundika kulabu mkiani, wakaumwa, wakafeli. Kulikuwa pia na wauza mboga. Hawa walitundika kulabu kila mahali, kwenye fungu la nyanya, kwenye mchicha, kwenye mwavuli wa biashara, wala si kwa kudai umiliki, ni kwa kuwa waliona inapendeza. Idara iliwachukua kila baada ya miezi mitatu kwenye semina, wakarudi wakiwa na kulabu nyingi zaidi.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, uliwahusu watu wa ukoo wa Vishada, ambao toka enzi hushona kishada kwenye pindo la nguo. Mali ya watu hao ikifungwa uzi, je, uzi nao uongezewe kishada, au kile cha nguoni kinatosha? Mawaziri wawili walikuwa hawasalimiani kwa miaka kumi na mmoja juu ya jambo hili, na ndoa kadhaa zilivunjika. Mwalimu alisikiliza hoja za pande zote kwa siku nzima, akatoa uamuzi wake pale pale kwenye kibaraza cha Baraza, kwa ufasaha wa kutisha, akipiga kidole hewani. Habari zake zikamfikia Mheshimiwa Mgulambwa.

Mheshimiwa Mgulambwa alikuwa Mkuu wa Idara ya Kulabu, mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kugusa kulabu za vifungo vyake kimoja kimoja anapofikiri. Alimwita Mwalimu ofisini, akampa swali la mbwa, na Mwalimu akalijibu hata kabla halijaisha. Jioni hiyo hiyo alikuwa Mkaguzi Daraja la Kwanza, na alipewa muhuri, joho la kijivu na ngazi ndogo ya kukunja.

Jamani, alifanya kazi! Alipanda, akashuka, akapanga foleni za masufuria, akasogeza kulabu za milango, za mitungi, za majiko, za magodoro. Aliposogeza kulabu aligonga muhuri kwenye kibao, tap, na huo ulikuwa mwisho wa mjadala. Watu walimwona anakuja wakajipanga na ndoo zao mlangoni. Alikuwa anarudi kwa Siwema miguu imevimba na uso unang'aa.

Asubuhi moja, akinywa uji, jicho lake likatua kwenye uzi wa Bi Nanjota.

Kibao cha yule bibi kilikuwa na jina moja, Habuya. Na kulabu ilikuwa baada ya fundo. Mwalimu akaweka kikombe chini. Alilifikiria jambo hili kwa muda wa kumeza uji mara moja. Habuya, alijiambia, bila shaka ndiye marehemu mzee wa nyumba hii. Mke wa mtu mmoja, tena mtu mzima na heshima zake, kulabu inaonyesha ana waume wengi! Na huyu mama wa watu anazunguka nayo mtaani miaka yote hii, hakuna wa kumwambia. Mwalimu aliona aibu kwa niaba yake. Akasogea, akainama.

"Unanitafuta chawa?" aliuliza Bi Nanjota.

"Tulia kidogo tu, Bi Nanjota, nakuwekea vizuri."

Akaisogeza kulabu ikaruka fundo, ikakaa upande wa jina. Akagonga muhuri, tap. Hakumwambia mtu kitu, kwa kuwa hakutaka kumfedhehesha bibi wa watu, akatoka kwenda kazini akijisikia amelipa fadhila.

Sasa ukweli ulikuwa hivi. Chanani, wenyewe wakiwa wengi, kibao huandikwa jina la mkubwa peke yake, na kulabu iliyo baada ya fundo ndiyo inayowabeba waliobaki. Haya yameelezwa katika sura ya nne ya mwongozo wa wakaguzi, sura ambayo Mwalimu aliiruka kwa kuwa aliona anaijua. Mume wa Bi Nanjota hakuitwa Habuya. Habuya alikuwa mwanawe wa kwanza, kaka yake Siwema, mkuu wa masjala katika Idara hiyo hiyo, mkazi wa mtaa wa juu. Alikuwa hajakanyaga bondeni miaka minne, ingawa kila sikukuu alituma salamu zilizopigwa chapa vizuri.

Kabla ya adhuhuri matarishi, ambao kila siku hupita kusoma vibao vilivyogongwa muhuri, walikuwa mlangoni kwa Siwema na machela. Kulabu ilisema, na muhuri ulithibitisha, kwamba Bi Nanjota ni mama wa Habuya peke yake, na kwa hiyo alikuwa amehifadhiwa mahali pasipo pake.

"Mama!" alipiga kelele Siwema.

Tarishi mmoja akaandika. "Kutumia mama wa mwenzako bila ruhusa. Onyo la kwanza. La pili ni kufagia uwanja wa Idara siku tatu."

Bi Nanjota alimpiga huyo kwa ungo, kunde zikatawanyika sakafuni, na kwa kuwa kunde zilikuwa za Siwema na ungo ulikuwa wa Bi Nanjota, ambaye ni wa Habuya, ikabidi waketi chini waandike maelezo mawili tofauti. Kisha wakambeba wakaondoka naye.

Mwalimu aliporudi alimkuta Siwema amepiga magoti, anaokota kunde moja moja.

"Mwalimu, ni wewe uliyeisogeza?"

"Niliiweka inapostahili."

"Habuya ni kaka yangu, Mwalimu. Yule uliyemsogezea kulabu ni wetu sote wawili."

Mwalimu angeweza kusema neno moja pale pale. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, tena kwa utulivu mkubwa, "Basi kibao hakikuandikwa vizuri." Siwema aliendelea kuokota, na jambo hilo lilimkera Mwalimu kuliko matusi.

Kesho yake alikwenda kwa Mheshimiwa Mgulambwa kuuliza kama kulabu inaweza kurudishwa kimyakimya. Mheshimiwa alimkaribisha kiti, akagusa vifungo vyake.

"Kulabu iliyogongwa muhuri hurudi kwa njia moja tu, Mkaguzi. Mkaguzi mwenyewe asimame mbele ya Baraza aseme lilikuwa kosa. Jambo hilo halijawahi kutokea."

"Hakuna mkaguzi aliyewahi kukosea?"

"Fuatana nami. Kosa ni kitu. Kila kitu kina mwenyewe. Sasa katika historia yetu yote hakuna kosa lililojitokeza likapata mwenyewe. Kwa hiyo lingekuwa la Serikali. Lakini Serikali haina makosa." Akatabasamu kwa upole. "Kwa hiyo hakuna kosa. Kunywa chai."

Mwalimu aliiona kasoro katika hoja ile, ilikuwa kubwa kama mlango. Kilichomtia baridi ni kuona kwamba alikuwa ameishi ndani yake miaka thelathini na moja, akafunga na madirisha.

Huko mtaa wa juu, Habuya hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa taratibu. Alimweka mama yake sebuleni, kwenye kiti kizuri, pembeni ya saa ya ukutani, na kila asubuhi mtumishi aliwapangusa vumbi wote wawili. Siwema alipewa fomu ya kuazima, saa mbili kila Alhamisi, lakini fomu ilihitaji sahihi ya mkuu wa masjala, ambaye ni Habuya, na Habuya aliona si vizuri kujisainia jambo la familia yake mwenyewe. Fomu ikakaa. Siku tano zikapita, na habari zikashuka bondeni kwamba bibi hali chakula. Anasema chumvi ya nyumba ile si yake.

Siku ya sita Mwalimu alikuwa akikagua mapipa mtaa wa juu. Alikuwa juu ya ngazi alipomwona Siwema amesimama nje ya ua wa Habuya. Bila fomu, kupiga hodi hakuruhusiwa, kumwita mama hakuruhusiwa. Siwema akavuta pumzi, akakohoa kwa nguvu, akanyoosha mkono juu.

"Changu!" alipaza sauti, kama sheria inavyotaka. Akakohoa tena. "Changu!"

Kisha kutoka sebuleni, nyuma ya pazia, kikasikika kikohozi chembamba, kikavu, cha mtu asiye na ugonjwa wowote wa kifua. Bi Nanjota naye alijua sheria. Kikohozi chake hakikuwa chake tena.

"Cha Habuya!" ilisema ile sauti ya kizee, kwa hasira.

"Changu!"

"Cha Habuya!"

Wakaendelea hivyo, mama na binti, ukuta katikati, wakikoholeana mpaka Siwema hakuweza kukohoa tena kwa sababu alikuwa analia, na kilio kina fomu yake nyingine. Mwalimu alishuka ngazi. Aliacha mapipa yalivyo, na wenye mapipa hadi leo wanasimulia kwamba alipita mbele yao kulabu tatu ziko kombo na hakuzitazama.

Baraza liliketi Jumatatu asubuhi. Mwalimu alikuwa amejizoeza njiani, maana neno lenyewe lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake na hakujua lingetoka vipi. Alisimama mbele ya meza ndefu, amevaa joho la kijivu, Siwema akiwa benchi la nyuma na Habuya kwenye kiti cha masjala, Bi Nanjota amewekwa pembeni yake kwa kuwa ni kielelezo.

"Ile kulabu ya Bi Nanjota," alisema Mwalimu. "Nilikosea."

Karani aliinua kichwa. "Naomba urudie, sikupata."

"Nilikosea!"

Ukumbi ukaguna. Mjumbe mmoja alikohoa akasahau kudai kikohozi chake. Mheshimiwa Mgulambwa alianza kugusa vifungo, akafika cha mwisho, akaanza upya.

"Mkaguzi amechoka," alisema. "Karani, andika kwamba kosa lilitendeka."

"Halikutendeka lenyewe, Mheshimiwa. Nililitenda mimi."

"Pengine ulikuwepo upepo. Kulabu ni nyepesi hizi. Hatuna ugomvi na upepo."

"Hakukuwa na upepo. Nilikuwa nakunywa uji. Niliona jina nisilolijua nikadhani nalijua, sikumuuliza mtu, nikagonga muhuri kwa sababu napenda sana sauti yake."

Kwenye benchi la nyuma mtu akacheka, akainua mkono kwa aibu, akadai kicheko chake.

Mheshimiwa aliinamia meza, akashusha sauti kama mtu anayemwombea mwenzake. "Fikiri vizuri, Mkaguzi. Kosa likishatajwa ni kitu, na kitu lazima kiwe na mwenyewe, papa hapa, mbele ya watu wote hawa. Utalilipa kwa kuvuliwa joho. Utatembea nalo shingoni mpaka mpakani. Na kila kulabu uliyowahi kuigusa itatazamwa upya. Nakuuliza mara moja tu. Hili kosa ni la nani?"

Mwalimu alifikiria vibao vya saluni. Alifikiria zile mara zote alizofuta ubao taratibu, na vichwa vya watoto vilivyoinama vikijiona vijinga. Iliuma, nisiwadanganye, iliuma kama jino.

"Langu," alisema. "Peke yangu. Kulabu kabla ya fundo."

Hakukuwa na kibao cha kosa popote Idarani, ikabidi karani avunje kona ya rula yake na kuandika hapo. Mwalimu alijitundikia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakugonga muhuri. Aliukabidhi mezani pamoja na joho. Kisha karani, akisoma sura ya nne kwa sauti kubwa ili pasiwe na utata, aliisogeza kulabu ya Bi Nanjota ikaruka fundo kurudi ilikokuwa.

"Mama," alisema Siwema. Hakuna aliyeandika kitu.

"Nimekusikia tangu juzi," alijibu Bi Nanjota. "Nenda ukatafute dawa ya hicho kifua chako."

Mwalimu alipewa siku moja ya kufungasha. Asubuhi iliyofuata alikuwa anafunga begi, Bi Nanjota yuko kwenye kigoda chake na kunde zake, Siwema yuko kwenye cherehani, wakati hodi ilipobishwa mlangoni kwa woga. Alikuwa Habuya. Amevaa suti yake ya masjala, viatu vina matope ya bondeni ambayo hakuzoea kuyaona, na mkononi ameshika kulabu mpya ya dukani, uzi na kibao ambacho bado hakijaandikwa.

Hakumtazama mama yake. Alimgeukia Mwalimu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwalimu, samahani. Mimi nina lile la... Ni miaka minne sijaja hapa. Nilikuwa nasema ni kazi." Akainua ile kulabu. "Ni langu. Nimekuja nalo ila sijui linatundikwaje."

Mwalimu alifungua mdomo, na majibu yote alikuwa nayo, lakini Bi Nanjota alishaweka ungo chini.

"Lete hapa."

Habuya akasogea, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Bi Nanjota alichukua uzi akaupitisha shingoni mwa mwanawe, akaivuta kulabu kwa vidole vyake vilivyokauka, akaisukuma ikapita fundo hadi upande wa pili.

"Hapana, mama," alisema Habuya. "Huko ni kwa wenyewe wengi. Hili ni la kwangu peke yangu."

"Na wewe nani alikulea?" aliuliza Bi Nanjota. "Miaka minne nimekaa hapa nasema asipokuja yeye, mimi siendi. Miguu ninayo. Na huyu dada yako hajawahi kukuandikia hata mstari mmoja, ana kiburi kama baba yenu. Acha ilipo."

Siwema alisimamisha cherehani. Alikuja akapiga magoti upande wa pili, akashika ncha ya uzi, akafunga kitanzi. Habuya alikuwa analia bila fomu. Mwalimu Subilaga alisogea karibu kutazama, mikono ameikunja nyuma. Kulabu ilikaa kombo kidogo, na kitanzi kilikuwa cha hovyo kabisa. Akaiacha.